Ubongo haungoji zamu yake

Wengi hudhani kwamba katika mazungumzo tunasikiliza kwanza, mwenzetu akimaliza ndipo tunatunga jibu. Hesabu inakataa. Pengo kati ya msemaji mmoja na mwingine kwa kawaida ni kama milisekunde 200, yaani moja ya tano ya sekunde. Ilhali kuandaa neno moja tu, tangu wazo hadi mdomo kutoa sauti, huchukua takriban 600. Jibu basi huanza kupikwa mwenzako akiwa bado katikati ya sentensi: ubongo unakisia atakachosema na atakoma lini, kwa kufuata maana, sarufi na kushuka kwa sauti. Ndiyo maana simu ya video ikichelewesha sauti kidogo tu, mnagongana. Wote mnaanza, wote mnanyamaza: "Haya, sema wewe."