Moli ni nini hasa, na mbona kila hesabu ya kemia inapitia hapo

Moli ni idadi. Sio uzito, sio ujazo, ni idadi ya vitu basi. Moli moja ya kitu chochote ni chembe 6.02 × 10²³ za kitu hicho, iwe atomu, molekuli au ayoni. Ukitaka namba yenyewe kamili ni 6.02214076 × 10²³, na tangu tarehe 20 Mei 2019 imepangwa rasmi hivohivo, zamani walikuwa wanaeleza moli kwa kupitia gramu 12 za kaboni-12. Watu wanaiita namba ya Avogadro ingawa Amedeo Avogadro mwenyewe, yule Muitaliano, hakuwahi kuijua maishani mwake, alichosema yeye mwaka 1811 ni kwamba gesi zenye ujazo sawa, joto sawa na mgandamizo sawa zina idadi sawa ya molekuli. Jina la namba lilitolewa na Jean Perrin wa Ufaransa mwaka 1909, Avogadro keshafariki miaka mingi.

Kwa nini tuhangaike na linamba likubwa hivo? Kwa sababu atomu huwezi kuzihesabu kwa kidole, tulichonacho maabara ni mizani. Ni kama misumari dukani, inauzwa kwa kilo, hakuna anayekaa kuhesabu mmoja mmoja, lakini ukijua uzito wa msumari mmoja basi unajua kilo nzima ina mingapi. Kwenye kemia uzito huo unausoma kwenye jedwali la elementi: kaboni 12, oksijeni 16, kalsiamu 40, maana yake moli moja ya atomu za kaboni ina gramu 12, ya kalsiamu gramu 40. Kampaundi unajumlisha tu, CaCO₃ (kalsiamu kabonati) ni 40 + 12 + 48 (oksijeni tatu, 16 × 3) yaani gramu 100 kwa moli moja.

Sasa hapa ndo penyewe, naomba usome taratibu. Mlinganyo wa kemikali hauongei gramu. Zile namba kubwa zinazokaa mbele ya fomula zinasema chembe ngapi zinakutana na chembe ngapi, kwa hiyo swali likikupa gramu na likakutaka gramu, huwezi kuruka moja kwa moja kutoka gramu hadi gramu, lazima ubadilishe kwanza kuwa moli, afu utumie uwiano wa mlinganyo uliosawazishwa, afu urudi kwenye gramu. Ndo njia hiyo, na inafanya kazi kwa karibu kila swali la kidato cha tatu na cha nne, hata yale yanayoonekana mageni kabisa.

Tuchukue chokaa. Huku pwani watu wamechoma matumbawe kwenye tanuri miaka na miaka kupata chokaa ya kujengea, na matumbawe kwa sehemu kubwa ni CaCO₃. Mlinganyo ni CaCO₃ → CaO + CO₂, tayari umesawazika. Swali: ukichoma gramu 250 za CaCO₃ safi mpaka ziishe, unapata CaO (ndo chokaa yenyewe) kiasi gani? Gramu 250 gawanya kwa 100 ni moli 2.5. Uwiano ni moja kwa moja, kwa hiyo CaO ni moli 2.5 pia, na moli yake moja ni 40 + 16 = gramu 56, kwa hiyo 2.5 × 56 = gramu 140. Hizo gramu 110 zilizopungua hazijapotea, ni kaboni dayoksaidi iliyopaa, moli 2.5 × 44, jumlisha uone inarudi 250 kamili. Hiyo hakiki ya mwisho ifanye kila mara, haichukui hata nusu dakika na inaokoa maksi. Na wakikuuliza ujazo wa hiyo gesi kwenye hali sanifu ya joto na mgandamizo, unazidisha moli kwa lita 22.4, unapata lita 56.

Hilo lilikuwa jepesi kwa sababu uwiano ni moja kwa moja. Pagumu ni pale wanapokupa vitu viwili vyote na vipimo vyake, wanakuuliza kipi kinaisha kwanza. Mfano naitrojeni na haidrojeni zinatengeneza amonia, N₂ + 3H₂ → 2NH₃. Una gramu 28 za naitrojeni na gramu 3 za haidrojeni, chukulia mmenyuko unaenda mpaka mwisho. Naitrojeni ni 28 ÷ 28 = moli 1. Haidrojeni ni 3 ÷ 2 = moli 1.5. Wengi hapo wanaona 1 ni ndogo kuliko 1.5 wanaandika naitrojeni inaisha kwanza, na sio kweli, kwa sababu kila moli 1 ya naitrojeni inadai moli 3 za haidrojeni na wewe unazo 1.5 tu. Haidrojeni ndo inaisha! Basi hesabu yote inabebwa na haidrojeni: moli 1.5 inatoa amonia moli 1, ambayo ni gramu 17, na naitrojeni iliyotumika ni moli 0.5, yaani gramu 14, nyingine gramu 14 zinabaki zimekaa tu. Hakiki: 14 + 3 = 17. Safi.

Umeona pia nimegawanya naitrojeni kwa 28 na sio 14? Gesi yenyewe ni N₂, atomu mbili zimeshikana, kwa hiyo kila ukiona neno moli jiulize moli ya nini, ya atomu au ya molekuli. Mrututu (kopa salfeti) nao unawaangusha watu hapohapo, ule wa bluu ni CuSO₄·5H₂O, moli moja ni gramu 249.5, ukisahau yale maji matano unapiga hesabu kwa 159.5 na jibu lote linaharibika japo njia yako ni sahihi.

Kwenye taitresheni, yaani kupima asidi kwa besi mpaka zimalizane, kinachobadilika ni namna ya kupata moli tu, badala ya kugawanya gramu unazidisha molariti (moli ngapi ziko kwenye lita moja ya myeyusho) kwa ujazo wa lita. Ujazo wa LITA, sio sentimita za ujazo, gawanya kwa 1000 kabla hujagusa kitu kingine. Sentimita za ujazo 25 za NaOH yenye molariti 0.1 ni 0.025 × 0.1 = moli 0.0025. Ikiwa asidi ni H₂SO₄, mlinganyo unadai NaOH mbili kwa asidi moja, kwa hiyo asidi ni moli 0.00125, na kama bureti (mrija wenye vipimo unaodondosha asidi) imeonyesha umetumia sentimita za ujazo 12.5 basi molariti ya asidi ni 0.00125 ÷ 0.0125 = 0.1. Ingekuwa HCl, ambayo ni moja kwa moja, kwa ujazo huohuo wa bureti ungepata 0.2.