Setilaiti za GPS hazikuoni

Wengi huamini kwamba ukiwasha GPS kwenye simu, setilaiti inajua ulipo. Si kweli. Setilaiti hizo, zinazoendeshwa na jeshi la Marekani, hutangaza tu saa na mahali zilipo, kama redio inavyorusha matangazo bila kumjua msikilizaji. Simu hupokea mawimbi ya angalau setilaiti nne, hulinganisha muda yaliotumia kufika, kisha hukokotoa yenyewe mahali ilipo. Ndiyo maana GPS hufanya kazi hata bando likiisha.

Kinachonistaajabisha zaidi ni saa za atomu, saa sahihi mno zilizomo ndani ya setilaiti hizo. Kule juu hutangulia za duniani kwa takriban maikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 38 kila siku, sawasawa na nadharia ya Einstein kwamba mwendo na nguvu ya mvutano hubadilisha kasi ya saa. Zisingerekebishwa, kosa la kukadiria mahali lingefika kilomita 10 hivi kwa siku moja tu.

Wanaojua ulipo ni kampuni ya simu kupitia minara yake, na programu ulizoziruhusu, ambazo hutuma taarifa hiyo kwa intaneti. Hao ndio wanaopaswa kubanwa na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022.