Kabla Hujalipa Kiingilio cha Bustani ya Wanyama

Likizo za shule zikikaribia, mabango huanza: "Simba mweupe, aina adimu duniani!" Simba mweupe si aina. Ni simba huyu huyu, ila amerithi vinasaba vinavyofifisha rangi ya manyoya. Wanaojulikana zaidi walitokea Timbavati, Afrika Kusini. Wengine hubandika kibao cha "duma" kwenye banda la chui. Tazama uso: duma ana michirizi miwili myeusi kama ya machozi, kutoka pembe ya jicho hadi mdomoni, na madoa yake ni meusi tupu. Doa la chui lina kahawia katikati. Huko Luohe, China, mwaka 2013, "simba" alijulikana kuwa mbwa alipobweka.

Asiyejua anafuga nini hajui pia amlishe nini. Mtoto wa simba akipewa mnofu mtupu bila mifupa hukosa kalsiamu, miguu ikapinda na uti wa mgongo ukalegea. Mkubwa akizunguka njia ile ile mpaka sakafu imelainika, tafadhali, "hafanyi mazoezi". Ni dalili ya msongo. Na nyoka aliyeng'olewa meno ya sumu ili watoto wamshike shingoni hupata vidonda vya kinywa, hushindwa kula. Meno hayo pia huota tena, kwa hiyo usalama unaotangazwa haupo.

Sasa sheria, maana hapa ndipo watu hujiponza. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, wanyamapori Tanzania ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, na neno "nyara" linajumuisha mnyama aliye hai. Kumiliki bila kibali ni kosa. Kwa nyara za thamani kubwa kifungo hufika miaka 30. Mwenye chui milia, ambaye si wa Afrika, lazima awe pia na vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, vya kumwingiza nchini.

Kwa hiyo usimnunue tumbili aliyefungwa mnyororo "kumwokoa". Utakuwa wewe mwenye nyara, na muuzaji ataleta mwingine kesho. Piga picha ya kibao, sakafu, chombo cha maji na mnyama mzima kwa ubavu, mbavu na nyonga zionekane. Andika tarehe, saa na mahali, kisha peleka kwa afisa wanyamapori wa wilaya au ofisi ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) iliyo karibu. Video ya sekunde kumi ya mnyama akinguruma haisaidii kitu.