Mihimili ya dola: anza na muswada, achana na mchoro wa nguzo tatu

Mwanafunzi wa Dodoma amezungukwa na mihimili yote mitatu ya dola, yaani Serikali, Bunge na Mahakama: Ikulu iko Chamwino, wizara ziko Mtumba, Bunge na Makao Makuu ya Mahakama yako jijini. Hata hivyo, muulize wa darasa la saba au kidato cha kwanza polisi yuko mhimili upi, na usishangae akijibu Mahakama. Amemwona askari akimleta mshtakiwa kizimbani, akamwona mwendesha mashtaka mbele ya hakimu. Wote hao ni Serikali, magereza pia. Neno lenyewe nalo linachangia, maana mtaani kila chenye muhuri huitwa "serikali". Darasani, neno hilo libaki kwa mhimili mmoja tu. Ukitaja mitatu kwa pamoja, sema dola.

Kosa kubwa zaidi hutoka ubaoni. Nguzo tatu zilizosimama mbalimbali humfanya mtoto aamini kwamba mihimili haigusani. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 62, inasema Bunge lina sehemu mbili: Rais na wabunge. Mawaziri nao huteuliwa miongoni mwa wabunge. Mwalimu aliyepakua maelezo ya Marekani, ambako waziri haruhusiwi kuwa mbunge, atafundisha nchi ya watu.

Muswada mmoja, yaani sheria inayopendekezwa, ukipita mikononi mwa wanafunzi hufundisha zaidi. Kwa darasa la 40, gawa nafasi za kuigiza hivi: wabunge 30 (Waziri Mkuu na mawaziri watatu wakiwa humo humo), Spika, Katibu wa Bunge, Rais, majaji watatu, wakili wa Serikali, askari mmoja na wananchi wawili. Vipindi viwili vya dakika 40 vinatosha. Muswada uwe wa jambo wanalolijua, kwa mfano: "Kila mwanafunzi aje na lita 5 za maji kila Jumatatu, asiyeleta haingii darasani."

Katibu asome jina la muswada tu. Huko ndiko kusomwa mara ya kwanza. Kamati ya watu sita iupitie kwa dakika kumi. Mara ya pili waziri anautetea na wabunge wanajadili, kisha Bunge linakaa kama kamati na kupitia kifungu kimoja kimoja. Hapa usiharakishe, kwa sababu ndipo "lita 5" hugeuka "lita 3", na mtoto anaona kuwa maneno ya sheria hubishaniwa. Mara ya tatu, kura.

Sasa Rais akatae, aurudishe pamoja na sababu zake. Kwa ibara ya 97, muswada huo haurudi kwake kabla ya miezi sita, isipokuwa uungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Wanafunzi hupenda kuhesabu waliohudhuria. Kwa wabunge 30 ni kura 20, hata kama watano wako nje wanakunywa maji. Zikipatikana, Rais ana siku 21: akubali, la sivyo alivunje Bunge. Waulize kwa nini Rais na wabunge wote wataogopa kufika huko.

Tuseme amesaini. Wananchi wawili ambao kwao hakuna bomba wanakwenda Mahakama Kuu kwa ibara ya 13, ya usawa mbele ya sheria. Mashauri ya haki za msingi husikilizwa na majaji watatu, ndiyo maana ya idadi ile. Jaji asiulizwe kama sheria ni nzuri. Swali lake ni kama inapingana na Katiba. Wengi hudhani mlango ni mmoja, kuifuta, ilhali ibara ya 30(5) inairuhusu Mahakama kutoa muda ili kasoro irekebishwe. Majaji wakichagua njia hiyo, karatasi inarudi kwa waziri na safari inaanza upya.

Lazima atatokea wa kuuliza: kama Rais ndiye anayewateua majaji, si watamwogopa? Ni swali zuri, usilizime. Mjibu kwamba kuteua ni jambo moja na kuondoa ni jingine: jaji haondolewi kwa utovu wa nidhamu mpaka tume maalumu ichunguze na kushauri.

Kwa ziara ya Bungeni, lenga Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni. Uwaketishe watoto kabla ya saa tatu asubuhi, kwani kikao huanza na maswali, na ndipo waziri anapobanwa na wabunge wenzake.