Kabla ya kutafuta ugonjwa kwenye karatasi ya ECG, tazama mpangilio wa mapigo

Wagonjwa wengi hutoka chumba cha kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG, wakiwa na karatasi ya miraba iliyojaa vilima na miiba, na swali lao ni moja: "Daktari, nina tatizo?" Wameshasoma yale maneno yaliyochapwa na mashine pale juu, na yamewatisha. Mimi maneno hayo huyaacha mwisho. Huanza na penseli na kipande cha karatasi.

Mdundo tunausoma kwenye mstari mrefu wa chini. Weka ukingo wa kile kipande kwenye ncha za miiba, tia alama kwenye ncha tatu zinazofuatana, kisha kisogeze kulia. Alama zikikutana na ncha nyingine sawasawa, mapigo yana mpangilio. Zikikataa, tulia, maana hapo pana neno.

Halafu kasi. Karatasi hutembea milimita 25 kwa sekunde, na mraba mkubwa una milimita 5, kwa hiyo miraba mikubwa 30 ni sekunde 6. Hesabu miiba iliyomo humo, zidisha kwa 10, upate mapigo ya dakika moja. Wapo wanaopenda kugawa 300 kwa idadi ya miraba mikubwa kati ya mwiba na mwiba. Ni njia ya haraka, ila mapigo yakiwa shaghalabaghala itakudanganya. Mtu mzima aliyepumzika huwa kati ya 60 na 100, ingawa mkimbiaji mzuri anaweza kuwa chini ya hapo na asiwe na shida yoyote.

Sasa tafuta kilima kidogo kabla ya kila mwiba. Hilo ni wimbi P, alama ya umeme unaosambaa vyumba vya juu vya moyo. Mwiba wenyewe ni wa vyumba vya chini. Herufi hii ya P tumeachiwa na Willem Einthoven wa Uholanzi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Enzi zake mgonjwa alikaa ametumbukiza mikono na mguu kwenye vyombo vya maji ya chumvi! Tangu P inapoanza hadi mwiba unapoanza, tarajia miraba midogo 3 hadi 5. Ikizidi, umeme unacheleweshwa njiani.

Mdundo ninaoomba kila mhudumu aujue ni mtetemo wa vyumba vya juu, ule usio na P wala mpangilio: miiba inakuja itakavyo, na katikati yake mstari unatetemeka tu. Vyumba vya juu havisukumi tena, vinacheza-cheza. Damu inatuama, inaganda, na bonge likichomoka likafika kwenye ubongo, ni kiharusi. Kwingineko huu huhesabiwa ugonjwa wa wazee. Kwetu Afrika Mashariki tunaukuta hata kwa kina mama vijana, kwa sababu homa ya rumatiki ya utotoni, iliyoanza na maumivu ya koo yasiyotibiwa, iliwaharibu vali, yaani vilango vya moyo. Vali ikiwa imebana sana, dawa ya warfarini na kipimo chake cha damu cha mara kwa mara bado ndiyo tegemeo letu la kuzuia damu kuganda.

Ndugu wa karibu wa mtetemo huu huonekana kama meno ya msumeno, yapata 300 kwa dakika, na vyumba vya chini mara nyingi hufuata kwa 150. Mtu amelala kitandani na moyo wake uko 150 bila kupanda wala kushuka? Usiseme ni wasiwasi tu.

Lakini mtazame na mwenye moyo. Niliwahi kuletewa karatasi ya bibi mmoja, mashine imeandika ana mtetemo wa vyumba vya juu. Nilipoweka kile kipande changu, alama zilikaa sawia. Kumbe kiyoyozi kilikuwa kikali na bibi alikuwa anatetemeka kwa baridi. Tukamfunika shuka, tukarudia, na vilima vya P vikajitokeza vyote. Vivyo hivyo, mstari ulionyooka kwa mtu anayeongea nawe ni waya uliochomoka. Mstari wa fujo kwa mtu aliyezimia, asiyepumua wala kuwa na mapigo, hauhitaji penseli: anza kukandamiza kifua, uite msaada na mashine ya kushtua moyo.

Nawe mgonjwa, itoe kopi karatasi yako wiki hiyohiyo. Nyingi huchapwa kwa joto, na zikikaa juani au kwenye mfuko wa plastiki hufifia, ilhali mara nyingi kinachotusaidia zaidi ni kulinganisha ya leo na ya mwaka jana.