Sindromu ya Down: tuanze na moyo

Daktari amesema mwanangu ana sindromu ya Down. Ndiyo mtindio wa ubongo?

Hapana, ingawa mitaani hali hizi mbili huchanganywa. Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo kuumia au kutokua sawasawa. Sindromu ya Down huanza mimba inapotungwa: kromosomu (nyuzi ndogo ndani ya seli zinazobeba vinasaba) namba 21 huwa tatu badala ya mbili. Si chakula alichokula mama, na wala hakuna aliyemroga.

Wako wengi?

Duniani ni takriban mtoto 1 kati ya 1,000 wanaozaliwa hai. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni mbili kwa mwaka, hivyo piga hesabu. Uwezekano hupanda kwa umri wa mama: kama 1 kati ya 1,500 akiwa na miaka 20, na 1 kati ya 100 akifika 40. Hata hivyo wengi wao huzaliwa na mama vijana, maana ndio wanaozaa zaidi. Kwa hiyo binti wa miaka 23 asisumbuliwe na mawifi kwamba labda amedanganya umri.

Ataishi?

Marekani, mwaka 1983, wastani wa umri wao wa kuishi ulikuwa miaka 25. Leo unakaribia 60. Kromosomu ni zile zile. Kilichobadilika ni matibabu, hasa upasuaji wa moyo.

Lakini wangu ananyonya vizuri. Moyo unahusikaje?

Karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo, mara nyingi tundu linalochanganya damu ya pande mbili. Na hapo ndipo wazazi wengi hupumbazwa. Siku za mwanzo presha ndani ya mapafu bado iko juu, damu haipiti kwa wingi kwenye tundu, na daktari anaweza asisikie chochote kifuani. Wiki chache baadaye presha hiyo hushuka, damu hufurika mapafuni. Mtoto ananyonya kidogo anaacha, anahema, jasho linamtoka kwenye paji la uso, na mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki unalala.

Tundu kubwa likiachwa, mishipa ya mapafu hukakamaa, na ikishafikia hapo kuliziba hakusaidii tena. Kasoro kubwa hurekebishwa kwa kawaida kabla ya miezi 6 au karibu na hapo. Basi usingoje dalili: omba kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ndani ya mwezi wa kwanza. Kwa Tanzania, upasuaji wa moyo kwa watoto hufanyika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Kingine cha kufuatilia?

Tezi ya thairoidi, ile ya shingoni inayotoa homoni, angalau mara moja kwa mwaka. Masikio na macho pia: mtoto asiyesikia huitwa mzito wa kuelewa bure. Chanjo zote, kwa sababu vichomi huwaandama. Akipelekwa chumba cha upasuaji, mkumbushe mtoa dawa ya usingizi kuwa shingo yake inaweza kuwa legevu.

Na akiwa mtu mzima?

Ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kupoteza kumbukumbu, huwapata mapema, wengine wakiwa na miaka 40 na kitu. Lakini akianza kunyamaza na kusahau, usikubali jibu la "ndiyo hali yake" kabla hajapimwa tezi na kuchunguzwa masikio. Wakati mwingine ni nta tu imeziba.