BMX ya Zamani: Maneno ya Gikomba na Kile Chuma Chenyewe Kinachosema

"Hii ni original, ya kitambo," muuzaji wa BMX aliniambia Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, akiipangusa fremu kwa kiganja. Alisema kweli nusu. Fremu ilikuwa ya kitambo, lakini foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ilitoka kwenye baiskeli nyingine, magurudumu kwenye ya tatu, na stika ilibandikwa juzi tu.

Nimekuwa nikifufua BMX kuukuu kwa miaka kadhaa, na kinachoniuma ni kuona nyingi zikiharibiwa na watu wanaozipenda. Mtu anapata fremu nzuri kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, anasikia mawili matatu ya mtaani, kisha anakimbilia msasa na rangi kabla hajakisoma chuma. Hizi ndizo dhana ninazokutana nazo mara kwa mara.

Dhana: "Baiskeli yoyote ya inchi 20 ni BMX."

Hapa Nairobi tumezoea kuita hivyo hata baiskeli ya mtoto yenye madigadi na kikapu. BMX ilizaliwa kusini mwa California mwanzoni mwa miaka ya 1970, vijana wakiiga mashindano ya pikipiki za udongoni. Walitumia baiskeli kama Schwinn Sting-Ray, iliyoanza kuuzwa mwaka 1963, na wakiruka nayo ikawa inavunjika. Ndipo warsha ndogo zilipoanza kuunda vitu vya kuhimili mateso hayo. Linn Kastan wa Redline akatengeneza foku ya mabomba ya kromoli, aina ya chuma imara zaidi, na Skip Hess, mwanzilishi wa Mongoose, akaanza na gurudumu la aloi lililoitwa Motomag.

Historia hiyo imeandikwa kwenye fremu yenyewe. Tazama vibao vinavyoshika ekseli ya nyuma: BMX ya kweli ina vibao vinene vilivyochomelewa, wakati baiskeli ya mtoto mara nyingi ina bati jembamba. Tazama pembe ambapo bomba la mbele, lile linaloshika foku, linakutana na mabomba mawili makuu, maana mara nyingi utakuta kipande cha bati kimeongezwa hapo kuimarisha. Na usiitupe fremu kwa sababu si ya inchi 20. Zilikuwepo za mashindano za inchi 24 na hata 26.

Raleigh Burner, BMX iliyotoka Uingereza mwaka 1982, wengi huidharau kwa uzito wake. Mimi ikitokea kwenye mtumba huipokea kwa mikono miwili. Vijana wengi wa Uingereza waliijua BMX kupitia hiyo.

Dhana: "Stika inasema Mongoose, basi ni Mongoose ya zamani."

Majina ya Mongoose, Haro na Diamondback yako madukani mpaka leo, kwenye baiskeli za bei zote. Stika za mtindo wa zamani nazo huchapishwa upya na kuuzwa kwa yeyote. Stika ni ushahidi wa mwisho, si wa kwanza.

Anza na namba iliyogongwa kwenye chuma. Geuza fremu juu chini uangalie chini ya bomba la krenki, yaani mikono inayobeba pedali. Ikikosekana, angalia vibao vya nyuma, kisha bomba la mbele. Piga picha ukimulika tochi kutoka pembeni ili kivuli kiingie kwenye maandishi. Fanya hivyo kabla hujagusa msasa. Niliwahi kupeleka fremu kusafishwa kwa mchanga wa kupuliza bila kunakili namba, nikidhani nitaisoma vizuri zaidi ikishatoka rangi. Ilirudi laini kama yai. Tarakimu zilikuwa zimegongwa kijuujuu, zikalika zote, na mpaka leo sijui fremu ile ilitoka kiwanda gani.

Hata ukiipata namba, hakuna utaratibu mmoja wa dunia nzima wa kuisoma. Kila kiwanda kilikuwa na mpangilio wake, na vingine vilibadilisha katikati ya njia. Ndiyo maana naziamini zaidi sehemu ndogondogo. Shimano, watengenezaji wa vipuri wa Japani, walikuwa wakigonga herufi mbili kwenye bidhaa zao: ya kwanza ni mwaka, kuanzia A kwa 1976, na ya pili ni mwezi, kuanzia A kwa Januari. Kwa hiyo GC ni Machi 1982. Bila shaka, herufi hizo zinataja umri wa kile kipande tu, na kipande hubadilishwa. Lakini ukipata vipande vitatu vinavyokaribiana kwa miezi kadhaa, juu ya fremu yenye umbo la miaka hiyo, hapo unayo hoja. Kimoja peke yake hakitoshi.

Dhana: "Ikiandikwa Taiwan ni feki."

Hili huwa linanikera, kwa sababu limewafanya watu wauze dhahabu kwa bei ya kilo. Katika miaka ya 1980 sehemu kubwa ya fremu za Haro na Diamondback, chapa za Marekani, ziliundwa Taiwan. Japani nako ndiko zilikotoka rimu za Araya, krenki za Sugino, foku za Tange na breki za Dia-Compe. Kuwahara yenyewe, ile iliyoonekana kwenye filamu ya E.T. mwaka 1982, ni kampuni ya Osaka. Ukikuta majina haya yamegongwa kwenye chuma, si kubandikwa, lipia kimyakimya uende.

Dhana: "Sumaku ikishika, si kromoli."

Kromoli ni chuma. Ni chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdeni kidogo, na sumaku hukishika sawasawa na chuma cha kawaida. Sumaku itakusaidia kutambua alumini tu, kama ile ya fremu ya BMX iitwayo PK Ripper, ya kampuni ya SE Racing. Tofauti ya kromoli iko kwenye ukuta wa bomba: kwa kuwa ni imara zaidi, fundi angeweza kutumia bomba lenye ukuta mwembamba. Chomoa kiti, chungulia ukingo wa bomba, kisha ipime fremu mkononi. Kumbuka pia kwamba baiskeli nyingi za bei ya kati zilikuwa na kromoli kwenye mabomba matatu makuu tu, huku nyuma kukiwa na chuma cha kawaida.

Dhana: "Vipuri vya BMX vyote vinaingiliana."

Hapa ndipo pesa hupotea, na ndipo watu huumia. Nitakaa hapa kidogo.

Nilipokuwa sijajua lolote, nilipata foku nzuri lakini stemu, ile shingo inayoshika usukani, ikawa inachezacheza ndani yake. Fundi mmoja akaniambia, "Kijana, hii ni kazi ya dakika mbili." Akakata ukanda wa mkebe, akauzungusha kwenye stemu, akakaza. Ilishika vizuri mpaka nilipofika kwenye mteremko wa mtaani, nikavuta usukani kukwepa shimo. Usukani uligeuka, gurudumu likabaki limeelekea mbele. Kovu la kiwiko ninalo.

Zipo stemu za milimita 22.2 na zipo za milimita 21.1, na zote mbili zilitumika kwenye BMX. Tofauti ni milimita 1.1 na jicho haliioni. Hakuna mkebe unaoziba pengo hilo kwa usalama. Nunua kalipa, kifaa cha kupimia vipenyo, hata ile ya bei rahisi, kabla hujanunua kipuri chochote. Ukipita Kirinyaga Road kutafuta vipuri, iwe mfukoni.

Matairi nayo yana mtego wake. Tairi lililoandikwa 20 x 1.75 huvaa rimu ya kipenyo cha milimita 406. Lililoandikwa 20 x 1 3/8 huvaa rimu ya milimita 451. Yote ni "inchi ishirini" na hayaingiliani hata upake sabuni. Soma ubavuni mwa tairi ile namba ya aina ya 47-406, usitegemee inchi.

Pedali: krenki ya kipande kimoja, ile iliyopindwa kutoka chuma kimoja kikapita ndani ya fremu, hutumia uzi wa skrubu wa nusu inchi. Krenki ya vipande vitatu hutumia inchi 9/16. Nimeona pedali za nusu inchi zikilazimishwa kwenye krenki ya 9/16. Uzi haushiki, na zinatoka na mguu wako juu yake. Nguzo ya kiti ya zamani mara nyingi ni milimita 22.2, zilizofuata ni 25.4. Pima.

Bomba la krenki nalo hutofautiana. Lile pana lisilo na uzi, lenye kipenyo cha milimita 51.3, ni la Kimarekani na ndilo hupokea krenki ya kipande kimoja. Jembamba lenye uzi ndani ni la Kiulaya. Ukiwa unafungua krenki ya kipande kimoja, nati na koni (kile kikombe kinachobana gololi) za upande usio na cheni hufunguka kinyume, yaani kwa kugeuza kama mshale wa saa unavyokwenda. Pedali ya kushoto pia ni hivyo. Nati nyingi nzuri zimeng'olewa meno kwa bomba la kuongezea nguvu kwa sababu hakuna aliyemwambia fundi jambo hili.

Nikiwa kwenye krenki: wapo wanaotoa sproketi (gurudumu la meno linalovuta cheni) ya meno 44 wakidhani ndogo ya kisasa itarahisisha kukanyaga. Meno 44 mbele na 16 nyuma ni uwiano wa 2.75. Meno 25 na 9 ya leo ni 2.78. Miguu haitajua tofauti, na sura ya baiskeli itakuwa imeharibika.

Dhana: "Magurudumu ya plastiki ni ya watoto."

Skyway wa Redding, California, walitengeneza Tuff Wheels kwa nailoni iliyotiwa nyuzi za kioo, na vijana wa mashindano na wa michezo ya kuruka walizitumia kwa dhati. Za kuiga zipo tele, hivyo tafuta jina likiwa limetokeza kwenye plastiki yenyewe. Breki za mpira wa kawaida hazizishiki vizuri; zinahitaji pedi zilizotengenezwa kwa ajili yake.

Dhana: "Kutu imeimaliza, piga rangi mpya."

Madoa ya kahawia juu ya krome mara nyingi ni ya juujuu. Chukua karatasi ya alumini ya jikoni, ilowanishe maji, sugua taratibu. Alumini ni laini kuliko krome, hivyo kutu hutoka na mng'ao hubaki. Nimeifufua fremu nzima barazani Buruburu kwa karatasi hiyo na jioni mbili. Rangi ya kupuliza ingeificha krome ile, na ingeficha nyufa pia.

Nyufa ndizo za kuogopa. Pitisha kidole chini ya bomba la chini, karibu na bomba la mbele. Ukihisi uvimbe au kunyanzi, fremu iligonga kitu kwa nguvu. Usiipeleke kwa fundi wa kuchomelea mageti akaichomee kwa stima. Ukuta wa bomba mara nyingi ni wa takriban milimita moja, na fimbo nene ya kuchomelea huutoboa. Mtafute Kamukunji mtu aliyezoea mabomba membamba, au iache ikae ukutani.

Kostiki soda ya kutoa rangi iweke mbali na stemu, rimu na breki za alumini. Huila alumini mbele ya macho yako.

Na mafuta ya kupulizia ya mkebe hayatoshi kwa gololi. Yanafaa kulegeza nati iliyoshikwa na kutu, kisha yanakauka. Gololi zinataka grisi, na gololi zilizochimbika zinataka kubadilishwa zote pamoja. Krenki ya kipande kimoja hubeba 9 kila upande, za inchi 5/16. Zile za fremu ya Gikomba nilizibadilisha Jumamosi: nikapaka grisi, nikakaza koni, nikairudisha nyuma kidogo, nikasukuma mkono wa krenki kwa kidole. Ukazunguka bila sauti, ukasimama pole pole wenyewe.